Kupaka rangi Massey 135 kando ya ziwa: osha kwanza, kisha ngoja mbalamwezi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Sengerema alinipigia simu. Amerithi Massey Ferguson 135 kwa babu yake, limekaa chini ya mwembe miaka mingi, injini inawaka, sasa anataka lipendeze. "Shikamoo fundi. Naomba uniambie tu, ninunue rangi gani?" Marahaba, nikamuuliza kama ameshaliosha. Akasema ndiyo, amelimwagia ndoo sita za maji. Nikaona hapa simu haitoshi, nikamwahidi nitaandika.

Kwanza tuelewane kuhusu trekta lenyewe. Yale 135 ninayoletewa hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, bamba lake linasema limetengenezwa Uingereza. Lilianza kutoka kiwandani mwishoni mwa 1964 likadumu mpaka katikati ya miaka ya 1970, na injini yake ya dizeli ni Perkins ya silinda tatu, ile ambayo hata fundi wa kijijini kabisa anaijua kwa kusikia mlio. Rangi zake si "nyekundu yote" kama wengi wanavyolipaka. Boneti na madigadi ndiyo nyekundu. Injini, gia boksi na ekseli ni kijivu cha kukoza, na ringi ni kijivu cheupe kinachoelekea fedha. Ukitaka kuthibitisha, fungua bamba la namba au kibao kinachoshika betri, pangusa nyuma yake kwa tina, ile ya kuzimulia rangi. Pale jua halijawahi kufika, rangi ya kiwandani bado ipo. Chukua kipande hicho uende nacho dukani wakuchanganyie kwa kulinganisha, usiende na picha ya simu.

Sasa kuosha. Trekta lililolima mbuga za Usukuma miaka arobaini halina uchafu, lina tabaka. Mafuta yaliyovuja, juu yake vumbi, juu yake tena mafuta, mpaka limekuwa kama lami. La mwisho nililofanya lilikuwa la mzee mmoja wa Misungwi, na chini ya gia boksi nilikwangua kwa bapa la chuma siku mbili nzima. Nilikuta nati mbili ambazo mwenyewe hakujua kama zipo, na mojawapo ilikuwa imelegea ndiyo maana trekta linavuja. Kwangua kikavu kwanza. Kisha pakaa dizeli au mafuta ya taa kwa brashi, acha yalainike, kwangua tena. Halafu ndiyo maji ya moto na sabuni ya unga, mara mbili au tatu. Ziba shimo la kuvutia hewa, mdomo wa ekzosi na pa kupimia oili kwa nailoni na mpira, na usimwagie maji ya baridi pampu ya dizeli ikiwa bado ya moto. Inaweza kukwama na hapo utanikumbuka vibaya.

Kipimo changu cha usafi ni kitambaa cheupe. Kiloweshe tina, pangusa mahali palipofichika, nyuma ya stelingi boksi kwa mfano. Kikitoka na weusi, bado. Rangi haina ugomvi na chuma kibaya kama ilivyo na mafuta: mahali palipobaki tone dogo, rangi itajitenga na kuacha vishimo vya duara. Sisi tunaviita macho ya sato. Ukishayaona umechelewa, unarudi kwenye msasa.

Kutu. Brashi ya waya na grenda zinatosha kwa sehemu nene, lakini vitu vidogo kama bawaba za boneti, vishikio vya taa na boliti za zamani usivisugue kwa grenda. Mimi natumia beseni la plastiki, maji, na magadi soda ya unga mweupe, ile wanayonunua watengeneza sabuni ya maji. Vijiko vitano au sita vya chakula kwa ndoo ya lita ishirini. Unatumbukiza kitu chako kikiwa kimening'inia kwa waya, pembeni unaweka kipande cha nondo kisichogusana nacho. Chaja ya betri: waya wa hasi kwenye kitu chako, wa chanya kwenye nondo. Ukikosea hapo, nondo itapona na bawaba yako ndiyo italiwa. Washa, acha mpaka kesho. Kutu inageuka tope jeusi linalotoka kwa brashi ya kufulia. Fanya nje, mbali na jiko la mkaa na sigara, kwa sababu mapovu yale ni haidrojeni na inalipuka. Usiongeze chumvi ili "iende haraka", itakutolea klorini. Na badala ya nondo usiweke chuma kisichoshika kutu cha sufuria, kinatoa sumu kwenye maji.

Kwa kuwa tumetaja sumu: rangi nyingi za zama zile zilikuwa na madini ya risasi, kwa hiyo piga msasa wa maji, usirushe vumbi watoto wakiwa uani. Na ukifungua breki au klachi usipulize vumbi lake kwa kompresa. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto. Loweka, pangusa, fukia.

Madigadi karibu yote huoza mahali pamoja, pale chini ambapo tope hutulia. Kata mpaka ufike kwenye bati zima, lehemu kipande kipya (toa waya za betri kwanza), sugua, kisha puti (ile ya kusawazishia bati) kidogo. Kidogo! Nimeletewa digadi lenye puti nene kama chapati, na lilipopigwa jiwe shambani lote lilibanduka kwa mkupuo mmoja. Mibonyeo mingine naiacha. Wa Misungwi nilimwachia alama ya plau iliyogonga digadi la kushoto. Alisema anakumbuka siku yenyewe.

Praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, ya kijivu kwenye chuma kitupu, siku ileile uliyosugua, maana hapa kwetu chuma kikilala usiku mmoja wazi asubuhi kimeshakuwa cha manjano. Nyekundu ina tabia ya kutofunika vizuri, hivyo chini yake pawe na rangi moja sawasawa. Ukiacha madoa ya praima nyeusi na nyeupe utayaona mpaka koti (tabaka la rangi) la tatu.

Na hapa ndipo ziwa linapoingia. Mara yangu ya kwanza kupuliza boneti hapa nyumbani nilichagua jioni, upepo umetulia, jua si kali. Boneti liling'aa kama kioo. Kabla sijaosha bunduki ya rangi, wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi wa moto wa nyasi, walifika. Maelfu. Mke wangu alitoka nje akaniuliza kama nimeamua kuweka ufuta. Nilisubiri wiki nzima likauke ndipo nikaanza kusugua upya.

Wadudu wale hutoka majini kwa wingi zaidi wakati wa giza, mwezi unapoandama. Baadaye nikagundua kwamba kalenda yangu ipo ufukweni bure kabisa: wavuvi wa dagaa huenda na taa zao wakati wa giza, na mbalamwezi ikikaribia kuwa kamili hupumzika, wanashona nyavu. Nikiona mitumbwi imetulia mchangani, najua ndiyo wiki yangu ya koti la juu. Naanza saa tatu asubuhi, umande ukishakauka na bati likiwa vuguvugu kwa kiganja, namaliza kabla ya saa sita kwa sababu mchana upepo wa ziwani unaamka na kubeba vumbi la barabara. Sakafu naimwagia maji nusu saa kabla. Kompresa naifungulia chini kutoa maji; kwa unyevu wa huku, tanki lisilokamuliwa hutema matone katikati ya boneti.

Rangi yenyewe, kwa anayefanya nyumbani, chukua enamel ya kawaida isiyochanganywa na hadina, ile dawa ya kukazia rangi. Ile ya makopo mawili inadumu zaidi, sikatai, lakini hewa yake inaharibu mapafu kabisa, na barakoa ya kitambaa mbele yake ni mapambo. Pulizia kwa umbali wa shibiri moja hivi, mkono utembee kabla hujafyatua. Koti la kwanza jepesi, lionekane kama halijaenea. La pili baada ya dakika ishirini au thelathini. Kama umechelewa mpaka kesho yake, tulia, ngoja siku kadhaa lishike kabisa, la sivyo rangi mpya italikunja la chini kama ngozi ya mzee. Machozi ya rangi iliyotiririka yakitokea usiyaguse kwa kidole. Yaache yakauke, msasa namba 800 na maji utayamaliza.

Usipake rangi ya kawaida kwenye manifoldi ya ekzosi, pale moshi unapotokea kwenye injini, itaungua siku ya kwanza. Rejeta ipulizie ukungu tu, ukijaza mapezi injini itachemka. Nipo za grisi (vile vichuchu vya kuingizia grisi) na bamba la namba zizibe kwa soletepu ya karatasi, na uitoe soletepu rangi ikiwa bado laini.

Vibandiko vya Massey Ferguson weka baada ya wiki mbili, kwa maji yenye tone la sabuni ili uweze kuvisogeza. Mzee wa Misungwi hakuweza kungoja. Alikuja siku ya sita na mtoto wa kaka yake, akalizunguka mara tatu, akauliza kwa nini kiti sijakipaka. Nikamwambia kiti hicho kimeng'arishwa na suruali yake, mimi siwezi kukifikia. Akacheka, akawasha, akaondoka nalo bila vibandiko. Bado ninavyo kwenye droo.