Vepu shuleni: tuwaambie wanafunzi wetu wa Lubumbashi kitu gani?

Shule zinaponialika kuzungumza na wanafunzi kuhusu vepu, yaani sigara za kielektroniki, mara nyingi walimu huwa wameshaandaa picha: pafu jeusi huku, pafu la afya kule. Huwa naomba picha hizo zibaki ofisini kwa prefe, mkuu wa shule. Kijana wa miaka 15 ukimwambia kuhusu saratani itakayomkuta akiwa na 60, umemwambia habari za babu yake. Halafu picha yenyewe ni ya mvuta sigara, mwenye lami ya tumbaku mapafuni. Vepu haichomi tumbaku, kwa hiyo haina lami ile. Mwanafunzi mwenye simu atalijua hilo kabla ya kengele kulia, na baada ya hapo hata la kweli utakalosema halimuingii.

Mimi ni daktari wa mapafu. Wagonjwa wangu wengi ni watu wa migodi na watu wa kifua kikuu, na kwa muda mrefu vepu kwangu ilikuwa habari ya Ulaya. Sasa zinatoka kwenye mikoba ya shule, zina rangi za bonboni na majina ya matunda, na muuzaji haulizi umri. Hatuko peke yetu: Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba nchi 88 hazikuwa zimeweka umri wa chini wa kununua vepu, na nchi 74 hazikuwa na kanuni yoyote juu yake.

“Docta, ile haiko moshi, iko mvuke tu.” Hoja hiyo naikuta kila shule, na naipenda, maana inanipa mlango wa kuingilia. Huwa nakuja na vepu moja iliyokwisha, nimeshaifungua, nikapanga vipande vyake juu ya karatasi nyeupe: ganda la plastiki, betri ndogo ya lithiamu, kidude kinachowasha umeme mtu anapovuta, na waya mwembamba uliojiviringisha, umeshika weusi. Sponji iliyobeba yale maji inakuwa ndani ya chupa iliyofungwa, kwa sababu nikotini hupenya kwenye ngozi. Ina rangi ya chai ya rangi. Wanapokezana chupa, wanaitazama kwa karibu, na hakuna tena anayesema ni mvuke wa maji. (Msizifungue nyumbani. Betri ile ikigusana vibaya inawaka.)

Maji yenyewe ni propilini glikoli, gliserini, ladha, na nikotini. Waya ukipata moto yanageuka matone madogo mno yanayoshuka hadi chini kabisa ya mapafu. Gliserini inaliwa kwenye keki kila siku bila tatizo, lakini tumbo limeumbwa kusaga vitu na pafu halikuumbwa hivyo. Waya ukizidi moto, hasa sponji inapokaribia kukauka, kunatokea formaldehidi na akroleini. Akroleini wanaijua bila kujua jina lake: ndiyo inayowasha macho na koo mafuta ya kukaangia mikate yanapoungua.

Kisha tunarudi kwenye waya, na hapo mji wetu unanisaidia. Watoto wa Lubumbashi hawahitaji kufundishwa kwamba chuma kinaweza kuingia mwilini kikaleta ugonjwa. Karibu kila mmoja ana mjomba au kaka anayefanya kazi mgodini Kolwezi au Likasi. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha Johns Hopkins huko Marekani walitoa matokeo ya kupima vifaa vya watumiaji 56. Walikuta risasi, kromu na nikeli kwenye mvuke, tena kwa kiasi kikubwa kuliko katika maji yale kabla hayajagusa waya. Chanzo, kwa maneno mengine, ni kifaa chenyewe.

Na kuna kisa cha kobalti. Mwaka 2019 madaktari wa California walieleza habari za mwanamke wa miaka 49 aliyekuwa na ugonjwa wa mapafu unaojulikana kwa mafundi wanaonoa vyuma vigumu, wale wanaovuta vumbi la kobalti kazini. Yeye hakuwahi kufanya kazi hiyo. Walipopima mvuke wa kifaa alichokuwa akitumia, wakakuta kobalti ndani yake. Ni mgonjwa mmoja, na kifaa chake kilikuwa cha bangi. Naliambia darasa hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi. Lakini mwanafunzi wa Katuba au wa Ruashi akisikia neno kobalti anakaa sawa kwenye benchi. Madini yanayochimbwa kwetu yanakwenda mbali, yanatengenezwa betri, na baadhi yanarudi hapa yakiwa na ladha ya embe.

Hata hivyo, kama ningepewa dakika kumi tu, metali ningeziacha. Ningezungumza nikotini peke yake.

Vepu ya kisasa ilitengenezwa China mwaka 2003 na mfamasia Hon Lik, mvuta sigara aliyetaka kuacha. Zile za mwanzo zilikuwa zinakwaruza koo kama ungevuta nikotini nyingi, na mkwaruzo huo uliwafukuza wengi. Kikohozi cha siku ya kwanza ndicho kilichowaokoa na sigara vijana wengi wa rika langu. Mwaka 2015 kampuni ya Marekani, Juul, iliingiza sokoni nikotini iliyochanganywa na asidi ya benzoiki, na mchanganyiko huo, unaoitwa chumvi ya nikotini, unapita kooni laini hata ukiwa mkali. Wengine wakafuata. Mtoto wa leo anavuta nikotini nyingi siku ya kwanza na koo lake halilalamiki.

Hesabu yake wanaifanya wenyewe ubaoni. Umoja wa Ulaya umeweka mpaka wa miligramu 20 kwa kila mililita, na chombo kisizidi mililita 2. Hizo ni miligramu 40. Sigara moja humpa mvutaji kama miligramu 1 hadi 2, na ingawa si nikotini yote ya vepu inayofika mwilini, tayari tunazungumzia kiasi cha pakiti nzima ndani ya kidude cha kidole. Sasa tazama zilizoandikwa “5%”. Mwanafunzi anaona 5 ni namba ndogo (kwenye buletini ya alama za shule ingekuwa msiba), kumbe maana yake ni miligramu 50 kwa mililita, mara mbili na nusu ya mpaka wa Ulaya. Tena sigara ina mwisho wake: inaungua, unaitupa. Vepu haikuambii basi.

Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ubongo unaendelea kujengeka hadi kama miaka 25. Sehemu inayomaliza mwisho ndiyo ile ya kujizuia na kupanga. Ndiyo maana mazoea hukamata upesi kwa kijana na huachia polepole. Vijana wananiambia vepu inawatuliza. Nawauliza: ulikuwa na wasiwasi huo kabla ya kuanza? Nikotini ikishuka mwilini, mtu anakuwa mkali, hakai na somo, mikono haitulii. Akivuta, nafuu inakuja, naye anaishukuru vepu kwa kumuondolea shida ambayo vepu yenyewe ilimletea. Simuombi mtu ajitaje mbele ya wenzake. Namwomba tu aliye nayo aifungie kabatini toka Ijumaa jioni hadi Jumatatu, ajiangalie mwenyewe.

Kuna jambo wazazi hulikosa. Kijana aliyezidisha nikotini anatapika, anatoka jasho, kichwa kinamuuma, kizunguzungu, moyo unakwenda mbio. Kwetu mama akiona hivyo anasema malaria, na hana kosa, malaria ipo. Mpime malaria kwanza. Lakini kipimo kikitoka safi, na homa hakuna, muulize kwa upole amevuta nini kabla hujamnunulia dawa za malaria. Mwenye pumu ndiye namsihi zaidi: mvuke huo unabana njia za hewa ambazo tayari zimebanwa.

Wapo wanaoniletea habari za Marekani, watu waliokufa kwa vepu mwaka 2019. Ni kweli. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa, kati yao vifo 68. Ila wengi walikuwa wametumia mafuta ya bangi yaliyozimuliwa kwa asetati ya vitamini E, na asetati hiyo ndiyo iliyokuja kushukiwa zaidi. Nikiwaficha sehemu hiyo ya pili nitakuwa nimewapa sababu ya kunidharau wakiisoma wenyewe. Vilevile sikatai kwamba mtu mzima mvuta sigara akihamia vepu moja kwa moja anapunguza sumu anayoivuta. Baba wa miaka 50 mwenye pakiti kwa siku ana hesabu yake. Mtoto ambaye hajawahi kuvuta kitu anahama kutoka wapi?

Kwa walimu na wazazi. Msitegemee pua, harufu ni ya matunda na inaisha upesi. Vingine vinafanana na kalamu au flashi. Kumfukuza shule aliyekamatwa sikuungi mkono, kwa sababu nikotini haifukuzwi naye, na huko nje ana muda zaidi wa kuivuta. Afadhali aitwe, aulizwe anavuta mara ngapi, na kama anavuta mara tu anapoamka. Anayeamkia vepu ameshakamatwa na nikotini, na anahitaji msaada wa muuguzi au daktari kuliko hotuba.

Siku ngumu za kuacha ni mbili tatu za kwanza. Hasira, usingizi mbovu na kukosa utulivu hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Kwa hiyo chagueni wakati. Finaliste, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, asijaribu kuacha kwa mara ya kwanza wiki ya Exetat, mtihani wa taifa. Aanze mwezi mmoja au miwili kabla, au kama muda umekwisha, asubiri hadi siku ya kwanza ya likizo kubwa, afute namba ya simu ya muuzaji ikibidi. Na katika siku zile tatu akijibu vibaya mezani, baba na mama wamwache kidogo, wampe maji na kazi ya mikono.