Foliki, SP na ARV zinakutana wapi? Maswali na majibu kuhusu DNA na kugawanyika kwa seli

DNA ni nini hasa?

Ni uzi mrefu, mwembamba mno, unaobeba maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Umo ndani ya kiini cha seli, umefungwa katika kromosomu 46. Ukiunyoosha wote wa seli moja utapata kama mita 2. Maelekezo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, na kila herufi ni kemikali iitwayo nyukleotidi. Nyuzi ziko mbili, zimesokotana: A hutazamana na T, na G hutazamana na C. James Watson na Francis Crick walilitangaza umbo hilo mwaka 1953, wakisaidiwa na picha ya eksirei iliyotoka kwenye maabara ya Rosalind Franklin. Kwa miaka mingi mama huyo hakupewa sifa alizostahili.

Seli hugawanyika vipi?

Hunakili kwanza DNA yake yote, ndipo hujigawa, ili kila seli changa ipate nakala kamili. Kunakili huchukua takriban saa 8 na huhitaji nyukleotidi mpya zaidi ya bilioni 12, hiyo ni seli moja tu. Nyingi kati ya hizo huundwa na seli yenyewe, na nyingine huokolewa kutoka kwenye zilizokwisha kutumika. Zikikosekana, seli hukwama. Dawa nyingi tunazozijua kwa majina zinafanya kazi hapohapo, ndiyo maana inafaa kupaelewa.

Kwa nini mjamzito anasisitiziwa foliki?

Foliki ni vitamini ya kundi B. Bila hiyo seli haiwezi kuunda herufi T, na hata A na G huwa shida. Zinazoumia mapema ni seli zinazogawanyika kwa kasi, na mahali pamoja penye kasi kubwa ni uboho wa mifupa, unaotoa chembe nyekundu za damu kama milioni 2 kila sekunde. Foliki ikipungua, seli za uboho hunenepa lakini hazigawanyiki. Damu inakuwa na chembe kubwa, chache. Daktari Lucy Wills aliueleza upungufu huo wa damu mwaka 1931, baada ya kuwachunguza wajawazito wa Bombay, India, na kuona wakipona kwa kulishwa dondoo la hamira.

Kwa mtoto tumboni hatari huja mapema zaidi. Mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Usipojifunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Siku hizo wanawake wengi hawajajua hata kama wana mimba, kwa hiyo kidonge cha foliki kinachoanzia hudhurio la kwanza la kliniki, mwezi wa nne au wa tano, kinasaidia damu ya mama lakini kwa mgongo wa mtoto kimeshachelewa. Anayepanga kubeba mimba aanze mapema, miligramu 0.4 kwa siku. Mchicha, maharage na maini vina foliki pia, ila mboga zikichemshwa sana na maji yake kumwagwa, nyingi huenda na maji.

Nimesikia SP, dawa ya kukinga malaria, inazuia foliki. Mbona wajawazito hao hao wanapewa SP?

Swali zuri, na wengi huliogopa. Kimelea cha malaria nacho hugawanyika, tena haraka, na kinahitaji foliki. Tofauti ni kwamba sisi tunaila, chenyewe kinaitengeneza. SP ni dawa mbili kwa pamoja. Sulfadoksini huzuia utengenezaji huo. Pirimethamini huzuia kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kemikali ndani ya seli) kinachoiandaa foliki kwa kazi, na hukishika kile cha kimelea kwa nguvu kuliko cha binadamu. SP huanza kutolewa kuanzia wiki ya 13, kila dozi ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi, angalau dozi tatu.

Kwenye miligramu ndipo watu wanapojikwaa. Foliki ya miligramu 0.4 haina tatizo na SP. Ile ya miligramu 5, inayopatikana kwa urahisi madukani, hupunguza nguvu ya SP dhidi ya malaria. Soma pakiti. Na mama anayeishi na VVU anayetumia Septrin, dawa ya kukinga maambukizi, kila siku hapewi SP, kwa sababu dawa hizo mbili zinapiga njia ileile na madhara yake hujumlishana.

Mwanangu ana selimundu. Kwa nini anapewa foliki na haidroksiyurea kwa pamoja?

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hutokana na herufi moja tu katika jeni ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu: palipopaswa kuwa na A pana T. Chembe nyekundu ya kawaida huishi kama siku 120; yenye selimundu huishi siku 10 hadi 20. Uboho unafanya kazi bila kupumzika, na foliki ni mahitaji yake.

Dawa ya haidroksiyurea yenyewe hupunguza uundaji wa nyukleotidi za DNA. Uboho ukibanwa kiasi, hurudia kutengeneza himoglobini ile ya mtoto aliye tumboni, ambayo haigandamani. Kulikuwa na hofu kwamba Afrika dawa hii ingeongeza malaria. Utafiti uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ukachapishwa 2019, ulionyesha kinyume: maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vilipungua. Lakini chembe nyeupe zinaweza kushuka, kwa hiyo kipimo cha damu si cha kuruka.

ARV nazo?

VVU haina DNA. Ikiingia kwenye seli huiandika kwa kutumia herufi za seli hiyo. Katika kidonge cha ARV kiitwacho TLD, tenofovir inajifanya A na lamivudine inajifanya C. Kirusi kikiichukua mojawapo, uandishi unakatika: ni sawa na shanga isiyo na tundu upande wa pili, huwezi kutunga nyingine baada yake. Vimeng'enya vyetu huzikataa herufi hizo kwa kiasi kikubwa. Stavudine, ARV ya zamani, ilivuruga DNA ya mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, ndiyo sababu wengi waliokuwa wakiitumia walipata ganzi ya miguu.

Na jongo?

Huo ni upande wa pili: A na G zinapovunjwa hubaki asidi ya yuriki, na ikizidi huganda kama fuwele kwenye viungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Maini, dagaa na bia huiongeza. Dawa ya alopurinoli huzuia kimeng'enya kinachoizalisha. Ilitoka kwa Gertrude Elion na George Hitchings, walioshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1988, na maabara yao ndiyo iliyotoa pia pirimethamini ya SP. Alopurinoli humezwa kila siku kuzuia; haitulizi maumivu yaliyokwisha kuanza. Kwa kidole kilichovimba usiku huu, daktari atatoa dawa nyingine.