Tamasha la Siku Moja Halipatanishi Watu

Kila uchaguzi unapokaribia, kamati fulani hubisha hodi kwangu hapa Nakuru na ombi lile lile: nimtafute msanii mwenye jina, jukwaa na fulana nyeupe, ili vijana wa Molo na Kuresoi wacheze pamoja Jumamosi moja, uhasama wa kikabila uishe. Nimechoka kulijibu kwa upole.

Dhana hii hunikera kuliko zote, kwa kuwa hufuja fedha ambazo zingelipia mazoezi ya miezi mitatu ya kwaya ya pamoja. Katika tamasha watu hawasikilizani, humsikiliza msanii. Kila mmoja huja na wenzake, husimama nao na kurudi nao. Kule Kingston, Jamaika, tarehe 22 Aprili 1978, Bob Marley aliwapandisha jukwaani mahasimu wa kisiasa Michael Manley na Edward Seaga, akaishikanisha mikono yao juu ya kichwa chake. Picha ile inapendwa hadi leo. Wanaoipenda hawaongezi kwamba Claude Massop na Bucky Marshall, vinara wa magenge hasimu waliosaidia kuliandaa tamasha lile, waliuawa wote wawili kufikia mwaka 1980, wala kwamba ghasia za uchaguzi wa mwaka huo ziliua mamia ya watu.

Kinachofaa ni mazoezi, tena yale ya kuchosha, ambamo mwimbaji wa besi hana budi kumsikiliza wa sauti ya kwanza ili wimbo usivunjike. Mzee wa Kipsigis akimfundisha kijana wa Kikuyu kupiga chepkong, ala ya nyuzi ya kwao, kisha juma lifuatalo mzee mwenyewe akawa mwanafunzi wa wandindi, fidla ya kina kijana huyo, hakuna anayebaki mwenyeji au mgeni daima. Nami husisitiza chai ya mazoezi inywewe nyumbani kwa wanakwaya kwa zamu. Wafadhili hucheka, lakini anayekiacha kikombe kipoe bila kukigusa huniambia mengi kuliko dodoso lolote.

Wapo wasemao kwamba muziki hauna ubaya. Nchini Rwanda mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, redio ya RTLM ilipiga nyimbo katikati ya matangazo ya chuki. Mwanamuziki wa Rwanda Simon Bikindi alihukumiwa na mahakama ya kimataifa kule Arusha mwaka 2008 kifungo cha miaka 15 kwa uchochezi, ingawa kosa lililothibitishwa lilikuwa maneno aliyoyatangaza barabarani kwa kipaza sauti, si nyimbo zenyewe.

Si lazima mashairi yataje amani. Aliyechomewa nyumba katika ghasia za baada ya uchaguzi mwaka 2008 huweza kuusikia wimbo wa kusameheana kama amri ya kunyamaza. Wimbo wa mavuno haumdai kitu.

Wala lugha za mama hazipaswi kuachwa nje ya ukumbi. Wandindi ya Wakikuyu na orutu ya Wajaluo zote ni fidla za uzi mmoja, na vijana wakiziona pamoja huanza kuulizana wenyewe nani hukaza uzi vipi.

Kamati itakayobisha tena, basi, nitaiuliza kwanza ukumbi wa mazoezi uko wapi, na ufunguo anao nani.