Mawimbi hayauani: dhana potofu kuhusu simu zinazorushiana moja kwa moja

Nenda Mwanga, hapa Kigoma, ulalamike kwamba nyimbo zinakatika ukirushiwa kwa Bluetooth palipojaa watu. Hutakosa mtu wa kukuambia kuwa mawimbi yamegongana, yamekufa. Maelezo hayo yamezoeleka hata kwa watu waliosoma, na makosa mengine mengi yanaanzia hapo.

Dhana: mawimbi mawili ya redio yakikutana yanaharibiana.

Simama mwaloni Kibirizi boti mbili zikipishana. Mawimbi ya hii yanapita katikati ya mawimbi ya ile. Yanapokutana, maji yanainuka zaidi au yanatulia kidogo, kisha kila wimbi linaendelea na safari yake kama lilivyokuja. Mawimbi ya redio nayo hupitana hivyo hivyo. Antena inapokea jumla ya yote mawili, na ndani ya jumla hiyo kila ujumbe bado upo. Kinachoshindwa ni kipokezi, kwa sababu hakina cha kuutofautishia huu na ule. Kikipata tofauti ya nguvu, ya muda, ya msimbo au ya upande zinakotoka ishara, kazi ya kuzitenganisha inaanza.

Dhana: ukiingiliwa, ongeza nguvu.

Jirani naye ataongeza. Nguvu zikiwa mara mbili kwa wote, uwiano kati yenu haujabadilika, ila betri zinaisha haraka.

Dhana: kipokezi kinafanya kazi vizuri zaidi ishara zikifika na nguvu sawa.

Hapa ndipo wengi hushangaa. Njia inayojulikana sana ya kutenganisha ishara zilizopandiana huanza na ile yenye nguvu. Kipokezi kinaisoma kikiichukulia dhaifu kama kelele tu. Kikishapata biti zake, yaani zile 0 na 1 zinazobeba ujumbe, kinaijenga upya jinsi ilivyofika, kinaitoa kwenye jumla, na dhaifu inabaki peke yake.

Chukua nguvu ya kelele kuwa 1, simu ya karibu 100, ya mbali 10. Ya karibu inasomwa kwa uwiano wa 100 kwa 11, yaani zaidi kidogo ya mara 9. Ikishatolewa, ya mbali inabaki na 10 kwa 1. Zote mbili zimepona. Sasa zifanye zote ziwe 10. Ya kwanza kusomwa ina 10 kwa 11, haifiki hata mara 1, na itasomeka tu kama mrushaji wake alikubali kurusha ujumbe wake polepole sana. Kwa njia hii, usawa ndio unaoleta shida.

Lakini kuna gharama ambayo wanaosifia mbinu hii huipita kimya. Ili kuitoa ishara ya karibu, kipokezi lazima kijue kwa usahihi hewa iliipunguza na kuigeuza kiasi gani njiani. Ikibaki asilimia 1 tu ya ile 100, hiyo ni 1, sawa na kelele yenyewe, na simu ya mbali inashuka kutoka mara 10 hadi mara 5. Mwenye simu akitembea, au akiwa ndani ya mtumbwi unaoyumba, makadirio hayo yanachakaa haraka.

Dhana: basi nguvu zikilingana, hakuna la kufanya.

Lipo. Mwaka 2008 Shyamnath Gollakota na Dina Katabi wa MIT, Marekani, walionyesha mbinu waliyoiita ZigZag. Tuseme vifaa viwili vimetenganishwa na kilima, havisikiani, na vyote vinamrushia mtu wa tatu. Vinagongana, vinarudia, vinagongana tena. Ila mara ya pili havianzi kwa kupishana kulekule. Kwenye mgongano mmoja kuna kipande cha mwanzo kisichofunikwa na kitu. Kipokezi kinakisoma, kinakitoa kwenye mgongano wa pili, kinapata kipande kipya cha ujumbe wa mwenzake, kinarudi nacho kwenye mgongano wa kwanza, na kuendelea hivyo mpaka ujumbe wote miwili umekamilika. Kwangu mimi, hii ndiyo hoja nzuri kuliko zote dhidi ya ile habari ya kufa.

Dhana: kusoma ishara ya jirani ili kuiondoa ni kumchungulia.

Kipokezi kinahitaji biti zilizorushwa, basi. Ujumbe uliofungwa kwa usimbaji fiche hutoka ukiwa umefungwa vilevile, na biti hizo zisizoeleweka zinatosha kabisa kuijenga ishara upya na kuitoa. Aliyerusha bila kufunga hana siri, hata mbinu hii isingekuwepo.

Dhana: Bluetooth ya simu yangu tayari inafanya hivi.

Bluetooth ya kawaida inakwepa tu. Inarukaruka kwenye chaneli 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde, na kilichopotea hurudiwa. Wi-Fi husikiliza kwanza ndipo irushe. Mahali ambapo ishara kupandiana ni jambo la kila siku ni kwenye mawasiliano ya kifaa kwa kifaa yaliyoingizwa katika viwango vya LTE, yaani mtandao wa simu wa 4G, kwenye Toleo la 12, mwaka 2015, kwanza kwa ajili ya vikosi vya uokoaji. Mnara ukiwepo unaweza kugawa nafasi, yaani muda na masafa ya kurushia. Usipokuwepo, vifaa vinajichagulia vyenyewe, na viwili vikichagua nafasi moja vinapandiana.

Dhana: kipokezi kikiwa hodari, kila mtu atasikika.

Yule wa tatu anayepokea, ndiyo. Wale wawili wanaorusha, hapana: kifaa cha kawaida kinaporusha kwenye chaneli hakiwezi kusikiliza chaneli hiyohiyo, maana sauti yake yenyewe inaifunika kabisa ile hafifu inayotoka mbali. Wavuvi wawili wakirusha tahadhari ya upepo sekunde ileile, aliyeko ufukweni anaweza kuwapata wote, nao wasijue lolote kuhusu mwenzao. Kwa hiyo tahadhari hurushwa zaidi ya mara moja, kila mmoja akibadilisha nafasi yake kwa kubahatisha.