Kabla ya skana kutoka mezani: ninavyoandaa faili za kukusanyia data

Nikikabidhiwa skana ya mkononi niiandae kwa kazi ya kuhesabu bidhaa, naanza kwa kuchukua karatasi na kuandika mstari mmoja wa data jinsi ninavyotaka utoke. Menyu na skrini baadaye. Skrini mbaya utaitengeneza kesho, ila hesabu ya usiku mzima iliyoandikwa vibaya haina dawa isipokuwa kurudi stoo kuhesabu upya.

Faili ziwe mbili. Ya kwanza ni ya rejea, ina msimbopau, jina la bidhaa na kipimo. Inatoka kwenye kompyuta, na skana kazi yake ni kuisoma tu. Ya pili ni ya kukusanyia, inaanza tupu na kuongezeka mstari kila mtu anaposkani. Naomba sana zisichanganywe. Niliwahi kukuta mfumo unaoandika idadi humo humo ndani ya faili ya rejea. Orodha mpya ya bidhaa ikapakiwa mchana, na hesabu yote ya asubuhi ikafutika.

Mstari wangu huwa hivi:

A-03-2|5901234123457|24|07|2024-05-18 22:41:07

Yaani eneo, msimbopau, idadi, namba ya mhesabuji, na tarehe na saa. Kila mstari ni tukio moja. Skana nyingi zina chaguo la kujumlisha msimbo ukijirudia, na watu hulipenda kwa kuwa faili inakuwa fupi. Mimi nalizima. Watu wawili wakihesabu rafu moja bila kujua, jumla itakuonyesha 48 na hutajua imetoka wapi. Mistari miwili yenye eneo moja na wahesabuji tofauti inakuambia papo hapo. Mtu akikosea, hafuti: anaongeza mstari wa -24, kwa hiyo safu ya idadi lazima ikubali alama ya kutoa.

Safu hiyo ya idadi ndiyo inayonikosesha usingizi. Usiku mmoja nilipokea faili yenye bidhaa ya kawaida kabisa iliyohesabiwa 5901234123457. Mhesabuji alikuwa amebonyeza kitufe cha kuskani kishale kikiwa bado kwenye idadi, na skana ikatii. Tangu hapo naweka ukomo wa tarakimu 4 na, pale mashine inaporuhusu, nazima kabisa mwale wa skana kwenye safu hiyo, kibodi peke yake ifanye kazi.

Msimbopau, kwa upande wake, utangaze kuwa maandishi, hata kama wote ni tarakimu. Ukiuita namba, 0 ya mwanzo inaanguka na msimbo haulingani tena na kitu chochote kwenye rejea. Hatari hiyo hiyo iko kwenye programu ya lahajedwali: ukifungua faili kwa kuibofya mara mbili, tarakimu 13 zinaweza kugeuka 5.90123E+12, na ukihifadhi hivyo, tarakimu za mwisho zimekwenda. Ingiza faili kwa njia ya kuchagua aina ya kila safu.

Msimbo ulioandikwa kwa mkono, kwa kuwa lebo imechanika, upitishwe kwenye tarakimu ya ukaguzi, yaani ile ya mwisho inayokokotolewa kutokana na zilizotangulia. Kwa EAN-13, aina ya msimbopau wa tarakimu 13, chukua tarakimu 12 za mwanzo, zidisha kwa 1 na 3 kwa zamu, jumlisha, kisha tafuta pungufu la kufikia kumi kamili inayofuata. Mfano wangu hapo juu unatoa 83, pungufu ni 7, na kweli unaishia na 7.

Kitenganishi natumia mstari wima, si koma, maana majina ya bidhaa yamejaa koma. Faili ya rejea ikiwa ya UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi kwenye kompyuta), ihifadhiwe bila ile alama ya baiti 3 zisizoonekana mwanzoni. Ikibaki, bidhaa ya mstari wa kwanza haitapatikana kamwe, nawe utailaumu lebo. Na kama skana inatafuta kwa kugawa orodha nusu kwa nusu, panga rejea kwa mpangilio wa maandishi, ambapo "10" hutangulia "9".

Jaribio langu la mwisho halipendwi na wenye mashine. Naskani bidhaa kumi, kisha nachomoa betri bila kuaga. Nikiirudisha, nataka kuiona mistari yote 10. Ikiwa 9 au pungufu, basi programu inashikilia data kwenye kumbukumbu ya muda badala ya kuiandika kwenye faili kila mara, na skana hiyo haitoki mezani kwangu.