Chumvi Iliyopikwa Ni Chumvi Ileile

"Lakini mwanangu, mimi chumvi mbichi sili kabisa."

Nimeisikia tena wiki hii kliniki ya presha, kutoka kwa mama wa Makorora ambaye mashine ilimpa 168 kwa 102, mara mbili, akiwa amekaa na kutulia. Nilipomwuliza chumvi inatumikaje nyumbani kwake, alinieleza bila wasiwasi: huimimina kwenye kikaango kikavu, huikoroga mpaka ianze kubadilika rangi, kisha huiweka kwenye kichupa, na hiyo ndiyo inayonyunyizwa mezani. "Imeshaiva," akasema. "Haina neno."

Ina neno, tena kubwa. Mimi ni afisa lishe hapa Tanga, na hakuna imani inayonipotezea wagonjwa kama hii ya kwamba chumvi mbichi ni sumu na chumvi iliyopikwa ni salama. Wanaoishika si watu wazembe. Ni watu waliosikia ushauri, wakautii kwa moyo wote, na presha ikabaki palepale kwa sababu ushauri wenyewe uliwafikia umepinda.

Chumvi ni sodiamu na kloridi. Ili iyeyuke yenyewe bila maji inahitaji joto la nyuzi 801 za Selsiasi. Mchuzi unachemka kwenye nyuzi 100, na mafuta ya kukaangia bajia hayafiki 200. Hata ukiipata hiyo 801, chumvi iliyoyeyuka ikipoa inaganda na kuwa chumvi tena. Sodiamu haiendi popote. Sukari ukiikoroga kwenye chai huioni tena, ila hakuna anayesema chai hiyo haina sukari. Kwa nini chumvi ya kwenye sufuria tuifanyie hesabu nyingine?

Tena kuna jambo linaloniuma zaidi. Kitu ambacho moto unaweza kukipunguza kweli ni madini joto, yale yaliyoanza kutiwa kwenye chumvi yetu kwa lazima miaka ya 1990 kwa sababu ya goita. Kwa hiyo anayekaanga chumvi anapoteza sehemu ya kile kinachomfaa na kubaki na chote kinachomdhuru.

Nadhani najua imani hii ilikotoka. Miaka mingi sisi wahudumu wa afya tumewaambia watu "usiongeze chumvi mezani", tukiwa na maana kwamba chakula tayari kimeshatiwa, usitie tena. Mtu akasikia kwamba kosa liko mezani na sufuria haina hatia. Akaondoa kichupa mezani, akaongeza kijiko jikoni ili chakula kisipoe ladha. Ushauri ule haukuwa na makosa, ila uliachwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito, maana katika nyumba zetu chumvi nyingi inaingia wakati wa kupika.

Kuhusu namna chumvi inavyopandisha presha sitakaa sana. Sodiamu ikizidi, mwili hushika maji, ujazo wa damu hupanda, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na mishipa yenyewe baada ya miaka hukakamaa. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na hesabu hiyo inahusu vyakula vyote vya siku nzima.

Sasa hiyo "vyakula vyote" ndiyo penye kazi, kwa sababu mji huu unapenda kula na unajua kupika. Tuanze na papa mkavu na ng'onda. Samaki hao wamehifadhiwa kwa chumvi, na chumvi hiyo hairukwi na mtu kwa kusema "mchuzi wa papa mimi sikuutia chumvi". Kama huwezi kuishi bila papa, mloweke usiku kucha, mwaga maji, mchemshe, mwaga tena, ndipo umpike kwa nazi. Itapungua sana, haitaisha. Samaki wabichi wanashushwa kwenye mwalo wa Deep Sea hapa mjini kila siku. Mwenye presha angewafanya hao kuwa chakula chake cha kawaida na papa akawa wa siku mojamoja.

Kisha kuna viungo vya pakiti na vile vidonge vya mchuzi. Soma maandishi madogo kwenye karatasi yake: mara nyingi kitu cha kwanza kuandikwa ni chumvi, kwa sababu karibu nusu ya uzito wake, na wakati mwingine zaidi, ni chumvi. Mpishi anatia kidonge, halafu anatia chumvi "kidogo" juu yake. Hapo ameshatia mara mbili.

Na magadi. Hili ndilo ninalolisema mpaka sauti inakauka. Magadi na soda ya kupikia havina ladha ya chumvi, kwa hiyo hakuna anayevihesabu, lakini zaidi ya robo ya uzito wake ni sodiamu. Mtu amepunguza chumvi kwenye maharage, sawa, lakini ametia magadi ili yaive haraka. Ametia kwenye mlenda, ametia kwenye kisamvu. Jioni kiungulia kinamsumbua, anakoroga soda ya kupikia kwenye glasi ya maji na kunywa. Kijiko kimoja cha chai cha soda hiyo kina sodiamu zaidi ya gramu 1, na kiwango cha sodiamu cha siku nzima ni gramu 2, ndiyo iliyomo kwenye zile gramu 5 za chumvi. Maharage yaloweke toka usiku. Yataiva bila magadi.

Mkate nao huwa hausemwi. Vipande vinne vya mkate wa kiwandani vinaweza kubeba zaidi ya gramu moja ya chumvi kabla hujapaka siagi. Mihogo ya kukaanga, embe mbichi ya chumvi na pilipili, supu ya asubuhi ambayo muuzaji ameshaikoleza na bado kuna kikopo mezani: hivi kila mtu anavijua, navipita.

Wengine wakishaelewa haya yote huniuliza kama wahamie chumvi ya mawe, au ile ya rangi ya waridi inayouzwa ghali, au chumvi ya bahari inayovunwa kwenye mashamba ya huku pwani. Zote hizo, karibu kila chembe yake ni kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ileile. Madini mengine yaliyomo ni kidogo mno kuibadili presha ya mtu, na nyingi hazina madini joto. Hifadhi hela yako ununue mboga.

Namna ya kupima chumvi ya nyumba yako ni hii, na ndiyo pekee ninayoiamini kwa familia zetu ambazo hakuna mwenye mzani jikoni. Nunua pakiti ya nusu kilo, andika juu yake tarehe uliyoifungua. Nyumba ya watu wazima watano, kila mmoja gramu 5, ni gramu 25 kwa siku. Pakiti ingepaswa kufika siku 20 hata kama chumvi yote mnayokula inatoka humo tu. Kwa kuwa mnakula mkate na vyakula vya nje pia, ingepaswa kwenda mbele zaidi ya hapo. Wengi wakihesabu wanakuta haijafika hata wiki mbili, na hapo mjadala wa mbichi na iliyopikwa unajifia wenyewe. Usikate yote kwa siku moja, watu wa nyumbani watakugomea. Punguza robo, kaa wiki tatu nne, punguza tena. Ulimi hujifunza. Ndimu, ukwaju, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na dania vitakubebea ladha katika kipindi hicho. (Ndimu na kitunguu saumu ni viungo vizuri. Usivinywe ukidhani vimechukua nafasi ya vidonge.)

Kuna mambo mawili ambayo vitabu huyapita haraka, nami sitaki kuyaficha.

La kwanza, watu hawafanani. Wawili wakipunguza chumvi sawasawa, mmoja presha yake huporomoka na mwingine haisogei sana. Wenye umri mkubwa, wenye figo dhaifu, na sisi wenye asili ya Afrika kwa ujumla huonekana kuathirika na chumvi zaidi, lakini hatuna kipimo rahisi cha kliniki cha kumwambia mtu mapema yeye ni wa kundi gani. Kwa hiyo mgonjwa akiniambia "nimepunguza kweli na haijashuka", simwiti mwongo.

La pili, wataalamu wenyewe wanabishana kuhusu wapi pa kusimama. Zipo tafiti zilizoonyesha kwamba wanaokula chumvi kidogo sana nao walipata matatizo ya moyo. Wengine wamezipinga kwa hoja kwamba zilikadiria chumvi kwa mkojo wa mara moja, ilhali kipimo cha kutegemewa ni mkojo wa saa 24. Mimi naegemea upande wa pili. Lakini mvuvi au mpagazi wa bandarini anayetoka jasho siku nzima juani simbani kwa ukali uleule ninaombana nao mwenye duka anayekaa kwenye kiti toka asubuhi, na sitajifanya kwamba mstari wa kuwatenganisha nimeuona umechorwa mahali.

Pamoja na mabishano hayo, upande mmoja una uzito. Mwaka 2001 Wamarekani walichapisha matokeo ya watu 412 waliopewa chakula kilichopimwa, chumvi ikiwa nyingi, ya kati, kisha kidogo, siku 30 kila kiwango. Kila iliposhuka chumvi, presha ilishuka, na waliokula pia matunda, mboga na maziwa yasiyo na mafuta mengi walipata nafuu kubwa zaidi. Matunda na mboga hizo zina potasiamu, ambayo huisaidia figo kutoa sodiamu. Na hapa Tanga potasiamu si kitu cha kuagiza ng'ambo: machungwa ya Muheza, ndizi, mchicha, maharage, viazi vitamu, dafu. China walikwenda mbali zaidi. Vijiji 600 viligawanywa, nusu wakapewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu, na matokeo ya mwaka 2021 yakaonyesha kiharusi kimepungua kwa asilimia 14. Hao walikuwa watu wanaopika nyumbani, kama sisi. Onyo langu ni kwa wenye ugonjwa wa figo na wanaotumia dawa kama spironolaktoni, enalaprili au losatani: potasiamu ikizidi mwilini huweza kuusimamisha moyo, kwa hiyo msianze chumvi ya namna hiyo, wala dafu kila siku, bila kupimwa damu kwanza.

Mazoezi. Dakika 150 kwa wiki, za mwendo unaokuwezesha kuongea lakini si kuimba. Kwa mwenye presha, hayo huweza kushusha namba ya juu kwa 5 hadi 8. Mji wetu ni tambarare na baiskeli zimejaa, sioni kisingizio. Kinamama wanaotembea kwa kikundi baada ya swala ya alfajiri kuelekea Raskazone hudumu kuliko wale wanaoanza peke yao. Kufagia na kupika siku nzima kunachosha, naheshimu, lakini mara nyingi hakupandishi mapigo ya moyo kwa muda wa kutosha. Ukiwa na 180 kwa 110 au zaidi, mazoezi yasubiri, tibiwa kwanza. Na usinyanyue vyuma vizito huku umebana pumzi.

Uzito nao: kila kilo inayopungua, kwa anayehitaji kupungua, ni kama pointi moja ya namba ya juu.

Hakuna hata moja kati ya haya linalokuruhusu kuacha vidonge kwa uamuzi wako. Dawa ya presha haina dozi inayokwisha kama ya malaria, na kujisikia mzima si kipimo, kwa kuwa presha ya 170 mara nyingi haiumi popote. Ukifanikiwa kweli kwenye chakula na mwendo, presha huweza kushuka mpaka daktari akapunguza kidonge. Utaanza kuona namba zinakaa chini kwa wiki kadhaa, au kizunguzungu unapoinuka kitandani. Hapo njoo mapema, ukiwa na karatasi ya vipimo ulivyoandika nyumbani: umekaa dakika tano, kibofu kitupu, miguu imekanyaga chini, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Pima mara mbili, uandike zote mbili, hata ile usiyoipenda.