Kibarua cha miezi kumi

Jina la mwenye ofisi lilichongwa kwenye kibao cha shaba. Langu lilichapwa kwenye kikaratasi, kikabandikwa chini yake kwa selotepu. Ndani, vitabu vyake vilijaza rafu zote, picha ya wanawe ilikaa mezani, na dirishani palikuwa na vyungu vitatu vya maua nilivyoombwa nivimwagilie kila Ijumaa. Ndivyo nilivyoanza kufundisha historia ya Ulaya ya 1500 hadi 1800 katika chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa Uingereza, nikimshikia nafasi mwenye ofisi kwa miezi kumi.

Kila mwaka, matangazo ya nafasi kama hiyo yakianza kutoka, vijana wetu waliomaliza shahada ya uzamivu huniandikia: "Mwalimu, niombe?" Huwa nawaambia wanitumie kwanza tarehe mbili, ya kuanza kazi na ya kumaliza. Mengine tutazungumza baadaye.

Nafasi hizi huzaliwa na ruhusa ya mtu mwingine. Profesa amepata fedha za utafiti, mathalani kutoka wakfu wa Leverhulme, ambao katika ufadhili wake mkubwa hulipa mshahara wa mtu wa kumshikia nafasi kwa miaka miwili au mitatu. Au mhadhiri amejifungua. Au mtu ameacha kazi ghafla, na kozi zake zimeshatangazwa, wanafunzi wameshajiandikisha. Idara haitafuti mrithi. Inatafuta wa kushika usukani mpaka nahodha arudi. Ndiyo maana kitabu chako hakiwasumbui sana. Utafiti wa vyuo vya Uingereza hupimwa kila baada ya miaka kadhaa, kama ilivyofanyika 2014 na 2021, na fedha za serikali hufuata matokeo. Lakini mwenye mkataba wa kufundisha tu kwa kawaida hahesabiwi humo. Ukichapisha makala utapongezwa koridoni, basi.

Wanachotaka ni upana. Tasnifu yangu ilihusu Mombasa chini ya Wareno, lakini swali la kwanza la usaili lilikuwa: unaweza kufundisha Matengenezo ya Kiprotestanti? Nikajibu ndiyo bila kupepesa macho. Usiku ule nilikesha na maandishi ya Martin Luther, aliyeyaanzisha, hadi saa nane.

Jina la kipindi hicho cha 1500 hadi 1800 ni tabu kulieleza nyumbani. Wataalamu hukiita mwanzo wa zama za kisasa, maneno ambayo ukiyasema barazani Mombasa unaweza kudhaniwa unazungumzia miaka ya juzi. Mama aliponiuliza nafundisha nini hasa, nilimwambia: enzi za Mreno, lakini upande wa kwao Mreno na jirani zake. Akaelewa papo hapo. Kisha akauliza kama nimeshawaambia walivyotufanya.

Nilikuwa nimewaambia. Somo la majaribio, dakika kumi mbele ya jopo, nililijenga juu ya maandishi ya kwenye jiwe lililo juu ya lango la Fort Jesus. Yanamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni wa ngome mwaka 1635 akiwa na miaka 27, kwa kuijenga upya na kuwatiisha watu wa pwani walioasi chini ya mfalme dhalimu. Dhalimu huyo ni Yusuf bin Hasan. Wareno walimlea Goa, India, wakambatiza kwa jina la Jerónimo Chingulia, wakamrudisha Mombasa atawale. Mwezi Agosti 1631 akaiteka ngome yao na kuurudia Uislamu. Nikaliuliza jopo: huyu ana tofauti gani na wale wakuu wa Ulaya waliobadili dini na kubadili tena, ambao kozi yenu imewapa wiki nne nzima? Nadhani swali hilo ndilo lililonipa kazi. Kulifundisha ilikuwa shughuli nyingine, kwa sababu ratiba ilishachapwa kwa jina la mwenye kozi. Chingulia nilimpenyeza saa moja tu, mwezi Februari, mahali pa somo la marudio.

Kuhusu mzigo sitasema mengi: mihadhara miwili kwa wiki, semina sita, na insha zisizokwisha. Mhadhara wa dakika 50 ulinila siku mbili muhula wa kwanza, kwa kuwa nilikuwa nawatangulia wanafunzi kwa sura moja tu.

Jambo lililonifungua macho halikutoka idara ya ajira. Lilitoka kwenye ratiba ile ile niliyoirithi. Wiki ya saba ilihusu kazi na ujira, na andiko la kusoma lilikuwa sheria ya wafanyakazi ya mwaka 1563, ya enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Iliagiza kwamba katika orodha ndefu ya kazi za ufundi, mtu asiajiriwe kwa muda unaopungua mwaka mmoja. Watumishi wa mashambani nao walifunga mkataba wa mwaka, sehemu nyingi kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 29 Septemba. Bwana aliyetaka kuachana na mtumishi mwisho wa muda alipaswa kumpa taarifa miezi mitatu kabla. Na mtumishi akihama sharti awe na barua ya kuthibitisha kwamba ameachiwa, la sivyo hapati wa kumwajiri. (Neno letu kibarua nalo limetokana na barua, kile kikaratasi cha mfanyakazi wa kutwa.) Sheria haikutungwa kwa huruma. Ilikusudiwa kuwabana wafanyakazi, na mahakimu wakapewa kazi ya kupanga viwango vya ujira. Lakini mwaka ulikuwa mwaka.

Binti mmoja wa mstari wa mbele, ambaye tangu Oktoba hakuwa amefungua mdomo, akanyoosha mkono.

"Na wewe wamekuajiri kwa muda gani?"

Nikamwambia miezi kumi. Akaandika kwenye daftari lake.

Wiki iliyofuata ilinichoma zaidi. Kwa sheria za 1691 na 1697, mtumishi asiye na ndoa wala mtoto aliyeajiriwa na kutumika mwaka mzima alihesabiwa mkazi wa parokia ile, yaani mtaa wa kanisa uliowatunza maskini wake. Akifukarika, parokia hiyo ndiyo iliyolazimika kumtunza. Waliolipa kodi ya maskini walikuwa wakulima wale wale walioajiri. Basi katika karne ya 18 wakazuka waajiri wa wiki 51. Kijana analima, anavuna, anakamua ng'ombe mwaka mzima kasoro siku saba, kisha anaoneshwa njia, hana haki yoyote pale.

Nilisimama mbele ya ubao nimeiandika ile 51 kwa chaki, nikawaza juu ya Julai na Agosti yangu.

Sheria ya leo ina mstari wake pia. Kwa kanuni za mwaka 2002, aliyekaa kwa mwajiri mmoja kwa mikataba ya muda mfululizo miaka minne huhesabiwa mwajiriwa wa kudumu, isipokuwa mwajiri awe na sababu ya msingi. Wengi hudhani miezi miwili ya kiangazi huivunja hesabu. Si lazima: mwaka 1983 mahakama ya mwisho ya rufaa ilimsikiliza mwalimu aliyekuwa akiajiriwa na halmashauri ya Warwickshire Septemba hadi Julai, mwaka baada ya mwaka, ikaamua kwamba kukatika kwa likizo hakukuwa mwisho wa ajira yake. Ila kanuni hiyo humfaa anayerudi pale pale. Sisi haturudi. Nahodha amefika, tunahamia mji mwingine, kwa mwajiri mwingine, na hesabu inaanza sifuri.

Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania ana hesabu yake ya ziada. Viza ya kazi imefungwa kwa mwajiri na kwa tarehe za mkataba. Ada ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024, hulipwa unapoomba viza, na sehemu ya mwaka inayozidi miezi sita hutozwa kama mwaka kamili. Yaani chuo kinakuhesabia kumi, serikali inakuhesabia kumi na miwili.

Kwa hiyo ukiniletea mkataba wa miezi 12 nitakwambia nenda, hata kama mji ni wa baridi na kozi si yako. Wa miezi kumi, waombe waufikishe mwisho wa Agosti, na waombe kabla ya kutia saini. Mitihani ya marudio ipo kiangazi, kwa hiyo una hoja mkononi. Mimi niliomba baada ya kusaini, na majuto ni mjukuu. Wa miezi tisa, kama huna mtu wa kukuwekea chungu jikoni, uache upite.

Saa sita usiku wa tarehe 30 Juni barua pepe yangu ya chuo ilifungwa. Nilibaki na insha kumi na nne mezani. Nilizisahihisha kwa sababu wanafunzi hawakuwa na kosa, nikazituma alama chuoni kutoka barua pepe yangu binafsi.

Oktoba yule binti wa mstari wa mbele alinitafuta mpaka akanipata kupitia mwenzake. Alikuwa anaomba shahada ya uzamili, anataka barua ya mapendekezo. Fomu ilidai karatasi yenye nembo ya chuo, nami sikuwa tena na hata kipande. Nikamwandikia mwenye ofisi, ambaye ameshakaa kitini pake, anithibitishie kwamba kweli nilimfundisha binti huyo. Alinijibu siku hiyo hiyo, amethibitisha, ameambatanisha na nakala. Akaongeza mstari mmoja chini: chungu kimoja cha dirishani kimekauka, je, nilikuwa nakimwagilia?